Vyumba vya baharini Lyme Regis

Kusema kweli, tulifika Lyme Regis, kusini mwa Uingereza, tukiwa tumenuniana. Mume wangu kapata kazi mji mwingine, mimi sitaki kuhama.

Maji yalipokupwa tukashuka ufuko wa Monmouth. Jamani! Mwamba mzima umejaa maumbo yaliyojiviringa kama konokono, mengine mapana kama sinia la pilau. Hawa ni amonaiti, jamaa wa ngisi na pweza, walioishi enzi ya Jurasiki, karibu miaka milioni 200 iliyopita. Tabaka za chokaa na tope jeusi zinaonyesha hapa palikuwa na bahari ya vuguvugu, ambayo sakafu yake wakati mwingine ilikosa hewa.

Amonaiti alipokua, alisogea mbele na kuziba chumba cha nyuma kwa ukuta. Lakini hakukiacha: vyumba vya zamani vilibaki na gesi, na ndivyo vilivyomsaidia kuelea.

“Kumbe mtu anahama na nyumba yake,” nikamwambia mwenzangu. Akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Sijakubali bado. Ila jioni ile tulikula samaki sahani moja.

Mkienda, angalieni kwanza saa za maji kupwa.