Almasi ya Kupikwa

Hebu shika kalamu yako ya risasi uitazame vizuri. Ile ncha nyeusi ina grafaiti, na grafaiti ni kaboni. Almasi pia ni kaboni. Mwalimu wa Kemia alipotuambia hivyo darasa zima liliangua kicheko, na jamaa mmoja akaanza kunadi penseli yake papo hapo!

Tofauti ni jinsi chembe zilivyoshikana. Za grafaiti zimepangwa tabaka tabaka zinazoteleza. Katika almasi kila chembe imeshikwa na nyingine nne. Watu walihangaika miaka na mikaka kuigeuza moja iwe nyingine. Mnamo tarehe 16 Desemba 1954, Tracy Hall, mwajiriwa wa kampuni ya General Electric huko Schenectady, Marekani, alifaulu. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, tena inavuja maji! Ndani yake alipata shinikizo la takribani mara 100,000 ya lile la hewa, na joto la digrii 1,600 hivi. Alipoona vijiwe vinameta, magoti yalimlegea ikabidi aketi. Na kampuni ikamtuza nini? Hati ya akiba ya dola 10. Mimi ningenuna mwaka mzima.

Siku hizi kaka yangu, fundi wa vigae, hukata kwa kisahani chenye chembe za almasi za kutengenezwa, na kikiisha makali anakitupa tu.

Sasa nina neno. Gwarideni tunaambiwa ati tuvumilie, shida ndizo hutengeneza almasi. Ngojeni kidogo. Shinikizo na joto peke yake havikumtosha Hall. Ilimbidi atie pia mchanganyiko wa chuma na salfa. Chuma kikiyeyuka, kaboni huyeyukia ndani yake, kisha hujitenga ikiwa almasi. Bila hicho, kwa shinikizo lile lile, angebaki na grafaiti yake.

Rafiki yangu wa dawati moja alirudishwa nyumbani muhula wa pili kwa ajili ya karo. Kemia alikuwa akinishinda. Alfajiri aliuza maziwa, usiku akasomea koroboi. Shinikizo alikuwa nalo, joto pia. Kila Jumamosi humpelekea daftari langu anakili. Juzi aliniuliza kama tumeshamaliza moli.

"Bado," nikamwambia. "Andika haraka, Jumatatu nalihitaji."