Majani ya Siku Tano

Desemba iliyopita mvua ya kwanza ilinyesha Msalato usiku wa Jumanne. Kufikia Jumamosi, migunga iliyokuwa miba mitupu tangu katikati ya kiangazi ilikuwa imetoa majani, laini kama manyoya ya kifaranga. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kwa hiyo miti haipotezi muda. Hata mimi sikuwa na muda. Jumatatu fundi angekuja na vijana wake kufyeka, kwa sababu pori lile sasa ni kiwanja, na kiwanja ni changu.

Hilo nilikuwa silisemi kwa sauti. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nimelalamika sana kuhusu watu wanaomaliza miti yetu. Kisha nikapata bikoni zangu nne, mahali bibi alipokuwa akichuma mlenda na kuokota kuni. Nikaacha kulalamika.

Niliamua kulipiga picha pori kabla ya Jumatatu, na si kwa simu. Baba mdogo alikuwa na studio mjini enzi za mkanda. Mashine yake ya kukuzia picha bado ipo stoo, imefunikwa kitenge.

“Mbukwenyi, baba mdogo.”

Alinijibu, akaniuliza nataka kumpiga nani.

“Miti.”

“Miti haijawahi kunilipa,” alisema, lakini akanipa kamera, mikanda miwili ya nyeusi na nyeupe, na boksi la karatasi zilizokwisha muda wake. Nilizihesabu gizani kwa vidole: 11.

Nilipiga Jumamosi saa sita mchana, nikiielekeza lenzi juu kwenye anga. Usiku tukaziba dirisha la stoo kwa blanketi, tukawasha taa nyekundu, maana karatasi ile haioni wekundu. Tukapanga mabeseni matatu: dawa ya kusafishia, maji, na dawa ya kukazia. Picha ikaanza kujitokeza ndani ya beseni, na moyo wangu ukazama. Anga lilikuwa jeupe kabisa. Majani yote yalikuwa meusi. Ungedhani ni pori lililoungua.

“Mkanda haupendi kijani kama jicho linavyokipenda,” baba mdogo alisema. “Bluu ndiyo unayoipenda mno. Halafu umepiga kinyume na mwanga.” Akatafuta ndani ya kopo la zamani la maziwa, akatoa kioo cha njano cha kuvalisha mbele ya lenzi. Kinazuia bluu, kinapitisha kijani na njano, basi anga linatulia na majani machanga yanapata weupe kidogo. “Ila kinakula mwanga. Ongeza hatua moja. Na nenda asubuhi, kukiwa na wingu.”

Jumapili nilikosa ibada. Wingu lilikuwepo. Nilijongea hadi tawi likanigusa shavu, nikagundua jambo ambalo miaka yote sikuwahi kuliona: majani ya ncha za matawi yalikuwa mepesi kuliko yale ya ndani, na kila mti ulikuwa na kijani chake. Kwa macho ya kawaida lile lilikuwa pori tu. Mkanda usioona rangi ndio uliniwajibisha kutazama mti mmoja mmoja. Nilihesabu migunga saba, na mkwaju mmoja mchanga nyuma yake.

Usiku ule tulitumia karatasi tisa. Baba mdogo alinifundisha kuzuia mwanga kwa kiganja juu ya kivuli, nikikitikisa polepole ili mpaka usionekane, sekunde nne, kisha sita. Karatasi za zamani hazina tena weupe safi. Zina ukungu kidogo. Kwa majani yale ukungu huo ulifaa. Maji ya kusuuzia tulinunua, madumu manne, na baba mdogo alinung’unika kila nilipomwaga.

Karatasi ya tisa ilikaa sawa. Aliiinua kwenye taa, akanyamaza kidogo.

“Studioni,” alisema, “wengi walikuja kupiga picha wakiwa wanaondoka. Kwenda shule, kwenda jeshini. Umepiga picha ya nani anayeondoka?”

Nikamwambia ukweli: kiwanja ni changu, fundi anakuja kesho.

Hakunilaumu, na hilo liliuma zaidi. Alinipa penseli. “Basi andika tarehe nyuma. Picha isiyo na tarehe haimsaidii mtu.”

Asubuhi nilimwomba fundi asogeze msingi hatua tatu kuelekea barabarani. Alisema nyumba itakaa vibaya. Nikakubali ikae vibaya. Mkwaju ulibaki, pamoja na mgunga mmoja kwenye kona. Mingine sita ilikatwa kabla ya saa nne, na majani yake ya siku tano yakaanza kunyauka chini, yakiwa bado ya kijani.

Picha ipo ukutani kwa mama. Wageni husifu pori, huuliza liko wapi. Mama hunitazama, nami huwaambia: mmekaa ndani yake.