Arobaini na Thelathini

Mwaka 2019 niliwasainisha wanawake wanne barua za kuacha kazi kwa hiari. Wote wanne walikuwa wajawazito. Naanza na hilo kwa sababu shuhuda nyingi nilizosikia huanza na mateso ya msimuliaji, na madhambi yake yakarukwa.

Nilikuwa karani wa utumishi katika kiwanda kimoja cha minofu ya samaki hapa Mwanza. Kwa asiyeijua kazi ile: sangara hushushwa kutoka kwenye lori la barafu, akapimwa, akafika mezani, akakatwa minofu. Mabondo huwekwa kando na kulindwa kama dhahabu. Mapanki hutokea mlango wa nyuma kwenda kukaangwa mitaani. Ndani ni baridi na maji, na ukivua gambuti jioni miguu imekunjamana kama ya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni. Sangara walipopungua ziwani, na meza nazo zikaanza kupungua. Mwaka ule zamu moja ilifutwa.

Bosi wangu alinipa orodha na maelekezo mafupi. Wenye mimba wasipewe barua ya kupunguzwa. Waandikiwe barua ya kuacha wenyewe, na kila mmoja apewe laki mbili "ya nepi". Nilizichapa barua zile. Mmoja wao, dada mmoja wa meza ya pili, hakuwa mwepesi wa kusoma. Aliniuliza, "Dada, hii ndiyo inasema watanilipa likizo ya uzazi?" Nikamjibu kwamba kiwanda kikipunguza watu hakuna likizo, ashukuru kwa hizo laki mbili. Niliamini nilichokisema, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Nilikuwa nimekaa miaka mitatu kwenye kiti cha utumishi bila kuifungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini hata siku moja.

Miaka mitatu baadaye ikawa zamu yangu.

Mimba ilipofika miezi sita nilijaza fomu ya likizo. Sheria inataka umwarifu mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya makadirio, ukiambatisha cheti cha daktari. Hilo nililijua kwa mazoea ya ofisi tu. Kadi ya kliniki ilisema Septemba 14, 2022. Likizo inaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe hiyo, kwa hiyo niliomba ianze Agosti 17. Bosi akasaini, nami nikagonga muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye nakala yangu na kuiweka kwenye mkoba. Karani hula kwa nakala.

Agosti 17 nikaanza likizo. Agosti 26, siku ya Ijumaa, dereva wa kiwanda akaniletea bahasha nyumbani Nyakato. Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilisema uzalishaji unasitishwa na ajira yangu inakoma Agosti 31. Ya pili niliitambua kabla sijamaliza mstari wa kwanza, maana maneno yalikuwa yangu, yale yale niliyochapa mwaka 2019, hata kosa la tahajia kwenye neno "shukrani" lilikuwepo. Jina tu ndilo lilibadilishwa. Nikubali kuacha kwa hiari, nichukue laki tatu. Walau bei ya nepi ilikuwa imepanda.

Ningesaini. Sitajifanya shujaa. Hela ya hospitali nilikuwa naihitaji, na kichwani mwangu hoja ilikuwa ile ile niliyompa yule dada: kiwanda chenyewe hakipo, likizo utamdai nani? Kalamu niliiazima kwa dereva, nikakosa shabaha, maana mtoto alipiga teke na mkono ukateleza. Nikamwambia dereva arudi Jumatatu.

Jumamosi nilimfuata katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, mzee wa stoo ambaye ofisini tulikuwa tukimkwepa kwa sababu ya maswali yake. Alikuwa na kijitabu cha sheria kilichochakaa, kurasa zimelainika kwa mafuta, na kikifunguliwa kinanuka samaki. Hakunipa pole. Aliniuliza maswali mawili.

"Likizo yako ilianza lini, mwanangu?"

"Kumi na saba."

"Na barua imeandikwa lini?"

"Ishirini na sita."

Akalamba kidole, akafungua kifungu cha 41, akanionyesha kwa ukucha. Notisi ya kusitisha ajira haitolewi wakati mfanyakazi yuko likizo iliyotolewa chini ya sheria hiyo, wala haiendi sambamba na siku za likizo hiyo. Nikasoma mara mbili. Siku tisa zilizopita kati ya tarehe mbili ndizo zilizokuwa kesi yangu yote.

Hapa watu wengi huchanganya, nami nilichanganya kwa miaka. Sheria haimzuii mwajiri kufunga kiwanda. Mimba si nanga ya kukizuia kisiondoke. Sheria inachokataza ni kukuachisha kwa sababu ya mimba, na kukuchagua wewe kwanza kwa sababu hiyo. Akitaka kupunguza watu kwa sababu za uendeshaji, sheria inamtaka atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama au na wafanyakazi wenyewe kuhusu nani aondoke na kwa malipo gani. Kutuma bahasha kwa mkono wa dereva si mashauriano. Tena kufunga si kufilisika. Kiwanda chetu kilikuwa kinahamisha mashine, magari yalikuwa yanawaka kila asubuhi, na barafu ilikuwa ikiuzwa getini. Fedha ilikuwepo.

Mzee akanifundisha na hesabu. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kutoka Agosti 17, siku yangu ya 84 ilikuwa Novemba 8. Baada ya hapo ndipo notisi ya siku 28 ingeanza kuhesabika, au nilipwe badala yake. Kisha kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Niliajiriwa Machi 2016, kwa hiyo miaka 6, siku 42. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa 390,000, ukigawa kwa siku 26 za kazi unapata 15,000 kwa siku. Mara 42 ni 630,000. Hiyo ni kiinua mgongo peke yake, kabla ya likizo ya mwaka niliyokuwa sijachukua, nauli ya kunirudisha nilikoajiriwa na cheti cha utumishi. Laki tatu za bahasha zilianza kunichekesha.

"Na ukisaini kwamba umeacha mwenyewe," akaongeza, "hata lile fao la kukosa ajira la Mfuko umelitupa ziwani." Alikuwa anasema NSSF. Tangu sheria ya mwaka 2018, aliyepoteza kazi bila kutaka, akiwa na michango isiyopungua miezi 18, anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Aliyeacha kwa hiari halimhusu. Moyo uliniruka. Wale wanne wa mwaka 2019 walikuwa na michango hiyo, na sahihi zao nilizichukua mimi.

Jumatatu dereva alirudi akaikuta karatasi ya pili ikiwa haina sahihi vile vile.

Mtoto alikuja mapema kidogo, Septemba 10, wa kike. Na hapo ndipo vita ilipohamia nyumbani. Mama yangu alikuwa ametoka kijijini kuja kunitunza, kwa uji, maji ya moto na amri. Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Sasa, anayelalamikia kuachishwa kazi anatakiwa kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ajira yangu walisema imekoma Agosti 31. Arobaini yangu ilikuwa inaisha Oktoba. Thelathini ilikuwa inaisha Septemba 30.

"Hao watu wa Tume hawana mama zao?" mama aliuliza. "Wakusubiri."

Nikamweleza kwamba ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda kwa kutoa sababu, lakini ombi lenyewe ni shauri juu ya shauri. Alikaa kimya muda mrefu akimpaka mtoto mafuta. Septemba 27, asubuhi, akatoa kanga tatu. Moja akanifunga tumbo kwa nguvu, ya pili akanifunika kichwa, ya tatu akambebea mjukuu wake mgongoni. Tukapanda bajaji watatu. Fomu niliijazia kwenye benchi la korido huku mama akizuia upepo kwa mwili wake kana kwamba upepo nao ulitumwa na kiwanda.

Usuluhishi wenyewe sina mengi ya kusimulia. Mwakilishi wa kiwanda alikuja na faili, nami nikaja na nakala yenye muhuri. Msuluhishi aliziweka karatasi mbili kando kwa kando mezani, akauliza swali lile lile la mzee wa stoo. Tulimaliza siku ya pili ya kukutana. Walikubali kulipa mshahara wa likizo hadi Novemba 8, notisi, kiinua mgongo, likizo ya mwaka na nauli, na cheti cha utumishi kikaandikwa sababu ya kweli: kupunguzwa kazi.

Kulikuwa na jambo moja jingine ambalo halikumhitaji mwajiri kabisa, nalo ndilo lililonishangaza zaidi. Fao la uzazi la NSSF ni haki ya mwanachama. Mwenye michango ya miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua, hulipwa wastani wa kipato chake cha siku kwa wiki 12: nne za kabla na nane za baada. Nilikuwa nimejaza makato hayo kwenye orodha ya mishahara kila mwezi kwa miaka 6 bila kujiuliza yanakwenda kununua nini. Kiwanda kikifa, michango haifi nacho. Mradi tu iwe ilipelekwa. Nilipochukua taarifa yangu ya michango nilikuta miezi 7 haipo, ingawa kwenye hati zangu za mshahara ilikatwa yote. Nikaziwasilisha Mfukoni pamoja na madai, na zile karatasi zenye sehemu ya mwajiri nilihakikisha zimegongwa wakati ofisi ingali na mtu wa kushika muhuri.

Mwezi wa kumi na mbili nilikwenda Mwaloni, Kirumba, kumtafuta yule dada wa meza ya pili. Nilimkuta kwenye dagaa, anapepeta kwa ungo, mtoto wake wa miaka mitatu amekaa juu ya gunia. Nilimweleza yote, bila kupunguza, pamoja na kosa la tahajia. Hakunitukana. Aliendelea kupepeta, kisha akaniuliza kama zile siku 30 zinaweza kurudi. Nikamwambia ni ngumu sana sasa. Nikamwambia pia kwamba michango yake ninaweza kusaidia kuifuatilia, maana hati za mshahara za mwaka ule bado ninazo, na makato yake ninayakumbuka kwa sababu niliyaandika mimi.

Nilimpa hati zile, akazifunga ndani ya pindo la kanga. Wiki iliyofuata tulikwenda Mfukoni pamoja, na tukamchukua mwenzake wa meza ya tatu. Wawili waliobaki niliambiwa wamehamia Geita. Bado sijawapata.