Korongo, Mtoto na Mbwa

Kwetu Nyamisangura, mjini Tarime, nikitaka kwenda kwa mama mkwe ng'ambo ya kilima nina njia mbili. Ya kwanza ni barabara, nayo huzunguka. Ya pili ni korongo la mawe lililokata kilima katikati. Siku moja ya Aprili nilichagua korongo. Nilikuwa na haraka, na jua lilikuwa likiwaka.

Nilifuatana na mwanangu wa miaka miwili na mbwa wetu, Simba. Mtoto nilimbeba mgongoni kwa kanga, lakini hatukufika mbali akalia ashuke. Nikamshusha. Ndugu msomaji, mtoto wa umri huo hana habari na safari yako. Kila jiwe ataligusa, kila mjusi atamwamkia. Mwendo wa nusu saa ukawa wa saa mbili. Simba alitangulia, akarudi, akatangulia tena, kama anayetuhesabu.

Mahali kuta zilipobanana palikuwa na jabali la kupanda, lenye kimo cha mtu. Simba alijaribu mara mbili, akateleza, akaketi chini akilia. Nilikasirika. Nikasema moyoni, abaki, atajua njia ya kurudi nyumbani. Nikampandisha mtoto mabegani ili nimtangulize juu. Yeye akanyoosha mkono kwenye tawi la mtini lililokuwa juu yake, akavuta nyasi kavu na mabua ya mahindi.

"Mama, takataka!"

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Nani aliyapandisha mabua juu ya mti, ndani ya korongo lisilo na shamba? Ni maji. Maji yalikuwa yamepita hapo juu kuliko kichwa cha mwanangu akiwa mabegani mwangu.

Jua bado liliwaka. Lakini maji ya korongo hayatoki katika wingu lililo juu yako. Mto Mara huanzia Mau, Kenya, na sisi wa huku chini huweza kuuona umejaa bila tone kutuangukia. Katika makorongo ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, maji ya ghafla yaliua vijana waliokuwa matembezini Aprili 2012, na Septemba 2019 yakaua watu saba. Nilitazama vilima vya juu. Vilikuwa vyeusi kwa mvua.

Nilimfunga mtoto mgongoni, safari hii sikusikiliza kilio chake. Tukarudi nyuma hadi penye ukingo mfupi, tukapanda kwa kushika mizizi, Simba akiwa mbele.

Tulikuwa tumeketi uani kwa mama mkwe tuliposikia korongo likinguruma. Aliniangalia.

"Mmepita wapi, mwanangu?"

"Barabarani, mama," nikajibu.

Mtoto akadakia: "Mawe makubwa! Simba kaanguka!"

Nilitazama chini. Mama mkwe hakunikaripia. Aliinuka, akamega ugali wa mtama, akampa mbwa kwanza, kisha akatukaribisha sisi.

Mara nyingi tunaamini kwamba mwenye nguvu ndiye anayewaongoza wanyonge. Siku ile mbwa aliyeshindwa kupanda ndiye aliyenisimamisha, na mtoto asiyejua hatari ndiye aliyenionyesha. Mimi niliyejua njia nilikuwa na haraka tu. Tangu hapo napita barabarani, na nikiulizwa nimepita wapi, nasema kweli.