Ilimba Ndani ya Kinanda cha Umeme

Nataka kuwasimulia habari ya sauti moja iliyonitia haya mbele ya mzee wangu, nami hata leo sijaacha kuifikiri.

Mimi ni mwalimu hapa Ugogo, upande wa Dodoma. Shule yetu ilipata kinanda cha umeme pamoja na kompyuta, na kwa kuwa nalifundishwa nota na walimu wangu wa misheni, nalipewa kazi ya kuongoza uimbaji. Basi nikaona ya kuwa kinanda kile kina sauti 128, kila moja na namba yake, na namba 109 imeandikwa Kalimba. Moyo wangu ulifurahi mno. Marehemu baba yangu alikuwa mpigaji wa ilimba. Na katika orodha ile yote, penye piano za kila namna na ogani na matarumbeta, hiki ndicho nalichokitambua kuwa jamaa ya chombo chake.

Siku ya wazazi nikaupiga kwa sauti hiyo wimbo alioupenda baba. Watu walipiga makofi. Baba mdogo, ambaye ndiye peke yake katika ukoo wetu aliyebaki na nyimbo zile, alinyamaza. Jioni nalikwenda kumwamkia, akaniuliza, “Mwanangu, yule buibui umempeleka wapi?”

Asiyeijua ilimba atashangaa kwa swali hilo. Ilimba ni sanduku la mti lenye vyuma vyembamba, navyo hupigwa kwa vidole gumba. Ubaoni hutobolewa tundu, na juu yake hubandikwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake. Chuma kikilia, utando nao hutetema, na sauti hupata mvumo kama wa nyuki. Mgeni aweza kudhani chombo kimeharibika. Kwetu kisichovuma ndicho kibovu. Washona wa Zimbabwe pia hutia makombe au vizibo vya chupa katika mbira yao, ili ivume, nayo ni chombo wanachokipiga hata katika kuita mizimu ya wazee wao. Katika kinanda changu mvumo huo haukuwamo kabisa.

Nikaanza kutafuta asili ya jambo hili. Orodha ile ilipatanwa mwaka 1991, ili wimbo ulioandikwa kwa mashine moja uweze kulia kwa vyombo vile vile katika nyingine. Msingi wake ni lugha ya mashine iitwayo MIDI, iliyotokea mwaka 1983. Lugha hiyo haichukui sauti yenyewe, ila habari zake: kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu gani, kimeachwa lini. Yaani hunena kama mpiga kinanda. Na nota za kinanda zimegawanywa 12 kwa kipimo sawasawa, walakini ilimba ya Kigogo hufuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja. Ile ya saba katika hizo iko chini ya nota ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni. Sikio la baba mdogo halikuhitaji hesabu hiyo.

Hata jina Kalimba lilienea kwa njia ya biashara. Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika Kusini, ndiye aliyeviunda na kuviuza vyombo kwa jina hilo tangu miaka ya 1950.

Walakini lililonishangaza zaidi ni jirani zake. Violini ni namba 41, katika fungu la nyuzi. Lakini namba 111 kuna fidla, nayo imewekwa katika fungu la vyombo vya makabila, pamoja na kalimba, na sitar ya Uhindi, na koto ya Japani, na zumari ya mfuko. Na fidla ni nini? Ni violini ile ile, ikishikwa na watu wa vijijini kwa kuchezea ngoma zao! Nalicheka peke yangu chumbani. Kisha sikucheka tena, maana mimi mwenyewe naliupeleka wimbo wa baba katika fungu lile kwa furaha.

Kompyuta yaweza pia kunasa sauti halisi. Basi nalimwomba baba mdogo aje tunase chuma kimoja kimoja. Alikataa kwanza, kwa sababu utando ulikuwa umepasuka. Watoto wakazunguka ghalani kutwa nzima wakitafuta mayai ya buibui. Ulipobandikwa alipiga vyuma vyote isipokuwa kimoja. Hicho akaniambia nikipige mimi. Nikapiga, kikatoa sauti hafifu kama ya kijiti. “Bado,” akasema, akafunga ilimba katika nguo yake.

Kitufe hicho katika kompyuta yetu hakina sauti hata sasa. Kila Jumamosi naenda kwake, na kidole gumba changu cha kulia kimeanza kufanya sugu.