Uaminifu Usiongoja Kikombe



Ni rahisi kuishangilia timu inayoshinda kila juma. Leo tuwatafakari walioshikamana na timu ndogo.

Tarehe 28 Mei 2002 tume ya watu watatu iliiruhusu klabu ya Wimbledon, ya kusini mwa London, ihamie Milton Keynes, mji ulio umbali wa kilomita 90 hivi. Washabiki walibaki bila timu. Wiki chache baadaye waliunda ya kwao, AFC Wimbledon, wakaita wachezaji kwa majaribio katika uwanda wa Wimbledon Common. Mchezo wa kwanza, wa kirafiki, walifungwa na Sutton United mabao 4 kwa 0. Hata hivyo watazamaji walizidi 4,500.

Kwa misimu 9 walisafiri na timu yao katika ligi za chini. Mwaka 2006, na tena 2007, waliangushwa katika nusu fainali ya mchujo wa kupanda daraja. Mwaka 2008 wakapanda kwa mchujo huo huo. Mwaka 2011 waliishinda Luton Town kwa penalti, wakaingia ngazi nne za juu za soka ya Uingereza.

Je, kama penalti zile zingepaa, uaminifu wao ungekuwa wa bure? Hasha! Waliokuja tena baada ya mabao yale 4 hawakuwa wameahidiwa kitu. Walikuja kwa kuwa timu ni yao.

Juma hili basi tujiulize: ni nani anayetuhitaji kando yake, hata kabla hajashinda?