Nilivyokabidhiwa kutoka Kakesio hadi Karatu

Wanaozikumbuka mvua za Elinino huanza na madaraja yaliyosombwa na mahindi yaliyoozea shambani. Mimi huanza na watu. Januari 1998 nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, narudi nyumbani Karatu kutoka Kakesio, ambako mjomba wangu alikuwa akifundisha shule ya msingi. Likizo ilikuwa imekwisha, shule ya bweni inafunguliwa, na mvua bado haikutaka kukata.

Kakesio iko pembezoni kabisa, kusini magharibi mwa Hifadhi ya Ngorongoro, jirani na Pori la Akiba la Maswa. Basi halikuwapo. Aliyetaka kutoka alisubiri gari la misheni au lori la mfanyabiashara wa mahindi. Mimi nilipata lori, lakini halikufika mbali. Lilizama kwenye udongo mweusi wa mbuga mpaka ekseli. Dereva na utingo wake walichimba kwa sepetu, wakakata matawi ya migunga na kuyatandika chini ya matairi, wakasimamisha jeki juu ya gogo. Gogo lenyewe likatitia. Jua lilipoanza kushuka, dereva akatueleza ukweli: gari halitoki mpaka ardhi ikauke.

Boma la karibu lilikuwa la mzee wa Kimaasai. Sisi watoto wa Kiiraqw tulikuzwa na hadithi za kuibiana ng'ombe na Wamaasai, na jioni ile zote zilinijia kwa pamoja. Niliinamisha kichwa kama mjomba alivyonifundisha, mzee akanigusa utosini.

"Kijana, wewe ni wa nani?"

Nikamtaja mjomba.

"Mwalimu anakaa na watoto wangu kutwa nzima. Wewe unalala hapa."

Mama mwenye nyumba akanipa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, nikalala pamoja na vijana wa boma huku mvua ikipiga juu yetu.

Bahati yangu ilikuwa kwa nyumbu. Msimu wao wa kuzaa ulikuwa unakaribia, na wafugaji wa kule wanajua kwamba nyumbu wakizaa, malisho huwa na ugonjwa unaoua ng'ombe na usio na tiba. Ndiyo maana mifugo huondolewa tambarare na kupandishwa juu. Mzee alikuwa anapeleka sehemu ya kundi lake upande wa Endulen, akaniweka mikononi mwa morani wawili. Aliwaambia kwa Kimaasai, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Huyu ni mtoto wa dada yake mwalimu. Msimwache njiani. Mkifika, mkabidhini mtu, siyo mahali."

Tulitembea polepole, kwa mwendo wa ng'ombe. Kwenye korongo lililojaa maji, morani mmoja alitangulia kupima kina kwa mkuki, mwenzake akanishika mkono. Waliponusa nyati vichakani, tulizunguka mbali bila neno. Kaskazini ya njia yetu ilikuwako Laetoli, ambako kikundi cha mtafiti Mary Leakey kilifukua nyayo za binadamu wa kale mwaka 1978, nyayo zenye umri wa miaka milioni 3.6. Morani walijua habari zake, ila siku ile walishughulika zaidi na kwato za nyati.

Endulen, morani hawakuniacha sokoni. Walinipeleka hospitali ya misheni, wakamtafuta muuguzi wanayemfahamu, wakamweleza mimi ni wa nani. Dada yule alinipa chai na mahali pa kulala. Gari lilipopatikana la kupeleka mgonjwa, alimwomba dereva anipandishe hadi barabara kuu. Tulipita Esere, tukaingia kwenye ukungu wa ukingo wa kreta, na pale yule dereva alisubiri pamoja nami mpaka lori kutoka Musoma lilipotokea. Ndipo naye akanikabidhi.

Dereva wa lori alikuwa mtu wa Tanga, na ilikuwa Ramadhani. Alikimbizana na muda wa kufungwa geti la Lodoare, la kutokea hifadhini. Tulipovuka salama, akaegesha kando akafungua kwa tende na maji. Mimi sikuwa nimefunga, lakini tende aligawa sawasawa. Wakati huo lami ilikuwa haijafika Karatu, kwa hiyo tuliteremka tukiserereka kwenye udongo mwekundu. Tulifika usiku. Nilitoa nauli, akaikataa, akamtuma utingo wake anisindikize mpaka mlangoni kwa mama, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa kule juu kwenye ukungu.

Watu huita mambo kama haya wema, na ni wema kweli. Lakini nimekuja kuona kwamba ulikuwa pia utaratibu. Hakuna aliyenibeba safari nzima. Kila mmoja alinifikisha pale uwezo wake ulipoishia, akamtafuta anayefuata, akamweleza mimi ni wa nani. Jina la mwalimu wa shule ya msingi, aliyeishi na watu vizuri, lilinivusha makabila na dini.

Leo lami inafika mpaka getini, na simu zipo. Tangu Juni 2022 kaya nyingi za Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, na wengi wa waliokuwa wenyeji wa wapita njia sasa ni wageni mahali pengine. Kwa hiyo wewe unayepita barabara hizo na gari lenye nafasi, ukimkuta mtoto amekwama, simama. Muulize ni wa nani. Na usimshushe mahali, mkabidhi mtu.